Mshale Uliosimama kwenye Sabini na Tano

Innisfail, Queensland
4 Juni 1978

Shangazi Enid,

Habari za Moonta. Sisi huku tu wazima. Josie amerudi kufundisha, na Leonie ametimiza miaka minne, umri wa kuuliza sababu ya kila kitu hadi mtu akajificha chooni. Babu Alwyn bado yuko nasi, chumba cha nyuma. Nyonga inamsumbua, ila ulimi hauna ugonjwa. Kiwanda cha sukari kimeanza kusaga wiki hii, kwa hiyo nikichelewa kujibu ujue niko chini ya mashine fulani, nimelowa asali ya miwa.

Pikipiki ya kaka yako ilifika stesheni Jumanne. Nashukuru kwa kuifunga vizuri. Sikuiomba, na nadhani unalijua hilo. Wosia ulisema ni yangu, basi ni yangu, na yupo mtu hapa anayependa pikipiki za Kiingereza za zamani ambaye yuko tayari kuichukua.

Nilipotoa mbao za kasha, kitu cha kwanza nilichokiona ni spidomita. Pikipiki imelala kwenye nyasi kavu, injini haina hata mafuta, na mshale umesimama kwenye sabini na tano, maili kwa saa. Nimekua na namba hiyo, Shangazi. Watoto wengine walikuwa na kaka au mbwa, mimi nilikuwa na sabini na tano. Ndiyo namba iliyoandikwa na askari siku mama alipokufa, na ndiyo aliyoisoma hakimu kwenye uchunguzi wa kifo chake. Nilikaa chini bandani nikaitazama mpaka Josie akaja kuuliza kama nimeumia.

Sasa tatizo. Waya wa spidomita ulikuwa umekatika, nikaweka mpya. Injini ilikubali mara ya nne. Lakini barabarani mshale unacheza kama mlevi: unaruka ishirini, unaanguka sifuri, unarudi hamsini, na mimi niko mwendo wa baiskeli. Mkaguzi wa magari aliutazama akacheka, akasema hatii sahihi mpaka usimame. Bila sahihi hiyo siwezi kuuza.

Nina maswali mawili. Je, zipo karatasi zozote za pikipiki hii? Na tangu mwaka 1956, kuna mtu aliyeigusa spidomita?

Garth


Moonta, Australia Kusini
19 Juni 1978

Mwanangu Garth,

Barua yako ilifika Alhamisi, nami niliisoma nikiwa nimesimama langoni, bado nimevaa glavu za bustani. Nafurahi mko wazima. Mwambie Leonie kwamba watu wanaouliza sababu ya kila kitu huwa wanaishi muda mrefu, nami ni ushahidi, nina miaka sitini na moja.

Huku baridi imekaza. Shayiri imeota vizuri, wakulima wanaogopa kulisema hilo kwa sauti. Jumamosi wanawake wa kanisa tulioka pasti mia mbili za nyama na viazi, na mkono wangu wa kulia umevimba tangu siku hiyo. Kaburi la baba yako limeshuka kidogo upande mmoja kwa mvua, nimelijaza udongo.

Karatasi nimezifunga pamoja na barua hii.

Kuhusu mshale, usianze juu. Watu wote huanza juu kwa sababu ndiko wanakotazama. Anza kwenye gurudumu la nyuma, kwenye kile kisanduku kidogo cha meno kinachozungusha waya. Kifungue, safisha, angalia kama meno yamelika. Kisha fuata waya kutoka pale mpaka kwenye hendeli kwa kidole, taratibu. Popote ulipopindika zaidi ya kiwiko cha mtu aliyeshika kikombe, pana ugonjwa. Uchomoe waya wa ndani, uulaze kwenye sakafu ya saruji, uuviringishe kwa kiganja. Ukirukaruka, umepinda, hautakufaa. Halafu grisi: kidogo sana, na inchi sita za juu usipake kabisa, la sivyo itapanda mpaka kwenye saa yenyewe na kuizamisha.

Na ujue jambo moja. Spidomita za aina hii zina saa ndogo ndani, kwa hiyo mshale hautelezi, unapanda hatua kwa hatua kama mtu anayepanda ngazi. Ukiona hivyo, usihangaike, ndivyo ulivyo.

Kichwa cha spidomita usikifungue. Bado.

Shangazi yako,
Enid


Innisfail
16 Julai 1978

Shangazi,

Samahani kwa kuchelewa, kiwanda kiliharibika rola moja na tumefanya kazi wiki tatu bila Jumapili. Josie anakusalimu. Babu alianguka bafuni ila hakuvunjika. Alikasirishwa zaidi na ukweli kwamba Leonie ndiye aliyempata, akamuuliza kwa nini amelala bila nguo.

Nimefanya ulivyosema. Meno ya nyuma ni mazima. Waya nilioununua ulikuwa mrefu kwa inchi mbili, na nilikuwa nimeukunja chini ya tangi ili utoshe, nao ulikuwa umelowa grisi kama kipande cha samaki. Ni kosa langu. Nimepata wa kipimo chake, nikaupitisha kwa upinde mpana. Sasa mshale umetulia. Unapanda ngazi, tik, tik, tik, kama ulivyosema.

Ila kuna kitu hakinikai. Mshale unaposema sitini, upepo usoni haufanani na sitini. Ninaendesha tangu nina miaka kumi na sita. Mwili unajua.

Pia nimeona kwamba umejibu mambo kumi na mawili ambayo sikuyauliza, na moja kati ya mawili niliyouliza. Nilikuuliza kama kuna mtu aliyeigusa spidomita. Ukaniambia nisifungue kichwa. Nikamuuliza Babu unajuaje haya yote, akasema wakati wa vita ulitengeneza vipimo vya ndege kule Adelaide, na baadaye ukafanya kazi kwenye duka la saa. Sikuwahi kuambiwa. Kwa hiyo katika Moonta nzima mtu pekee aliyeweza kuingiza bisibisi mle ndani ni wewe.

Usiniite mwanangu, tafadhali. Mara ya mwisho tulipoonana nilikuwa na miaka mitano.

Garth


Moonta
30 Julai 1978

Garth,

Nimesoma. Nitakuita kwa jina.

Mpe pole Babu yako. Wazee wanapoanguka huumia kwanza heshima, mfupa baadaye. Hapa hakuna jipya isipokuwa paka wa jirani amezalia ndani ya kofia yangu ya kanisani.

Mwili haujui mwendo. Mwili unajua hofu na furaha, basi. Kama unashuku, pima. Tafuta barabara iliyonyooka yenye vibao vya umbali, na saa ya kusimamisha, ya mkononi haitoshi. Chukua maili tano, yaani hizo kilomita nane zao za siku hizi. Angalia kwanza namba za umbali zilizo chini ya mshale, ziandike. Shikilia mshale kwenye sitini, usishuke, usipande, kutoka kibao cha kwanza mpaka cha mwisho. Mtu anayekwenda sitini hutumia dakika moja kwa kila maili, kwa hiyo zitakuwa dakika tano. Andika ulichokipata. Fanya mara tatu, kwenda na kurudi, ili upepo usikudanganye.

Kisha niandikie namba tu. Usiniandikie unachofikiri.

Swali lako nimeliona. Nililiona hata mara ya kwanza. Pima kwanza.

Enid


Innisfail
27 Agosti 1978

Shangazi,

Namba ndizo hizi. Safari ya kwanza dakika saba na sekunde ishirini na nane. Ya pili saba na thelathini na moja. Ya tatu saba na thelathini. Namba za umbali ziko sahihi, maili tano kamili kila mara. Waya hauna kosa, gurudumu halina kosa. Ni mshale tu. Unasema sitini, na ukweli ni arobaini.

Uliniambia nisiandike ninachofikiri. Nitaandika.

Nilisimamisha pikipiki pembeni mwa shamba la miwa, nikatafuta kalamu, nikafanya hesabu ya shule ya msingi kwenye kiganja. Kama sitini ni arobaini, basi sabini na tano ni hamsini. Hamsini. Huo ndio mwendo wa mchungaji akiwahi ibada. Nilikaa pale mpaka dereva wa trekta akasimama kuniuliza kama nimeishiwa petroli.

Nilipofika nyumbani nilimwambia Babu. Alikuwa anakunywa chai. Nilitegemea acheke, au aniulize maana yake. Hakuniuliza maana yake. Aliweka kikombe chini akasema, "Uza hiyo takataka kesho asubuhi," kisha akageukia redio.

Basi nikafungua kichwa. Najua ulinikataza. Niliinua ukingo wa bati polepole kwa bisibisi ndogo, nikatoa glasi, nikatoa uso wake. Ndani ni safi kuliko nilivyotegemea. Ila kamani, yaani springi ya kile kigurudumu kidogo kinachopigapiga, ile nyembamba kama unywele, haifanani na ya spidomita nyingine niliyoazima kwa fundi saa wa hapa ili nilinganishe. Ya kwako ni ya buluu na ni dhaifu. Fundi akaniambia kwamba kamani dhaifu inafanya saa ya ndani iende polepole, na ikienda polepole inahesabu mizunguko mingi kuliko inavyopaswa, hivyo mshale unapanda kupita kiasi. Akaniuliza mjinga gani aliyeiweka.

Nami najua mjinga gani, kwa sababu ameacha jina. Ndani ya kasha, kwa ncha ya sindano: E.T. 10.3.56. Mama alikufa Jumapili ya tarehe kumi na nane.

Kwa hiyo, Shangazi Enid Trezise, ninawaza mambo mawili na yote yananinyima usingizi. La kwanza ni kwamba uliiharibu mwaka huu, baada ya kaka yako kufa, kabla ya kuipakia kwenye treni. Ukakwaruza tarehe ya zamani, kisha ukaniongoza kwa barua, hatua kwa hatua, gurudumu, waya, grisi, vibao, mpaka nidhani nimegundua mwenyewe kwamba kaka yako hakuwa na hatia. Ni kazi nzuri. Hata fundi asingeona.

La pili ni kwamba tarehe ni ya kweli. Ulijua. Ukakaa kimya wakati hakimu anasoma sabini na tano, na wakati mimi nachukuliwa na Babu kuletwa huku.

Niambie ni lipi. Sijui ni lipi ninaliogopa zaidi.

Garth


Innisfail
8 Oktoba 1978

Shangazi,

Wiki sita. Nimeuliza posta, hakuna barua iliyopotea. Leonie ana tetekuwanga. Mnunuzi amekuja mara mbili, nimemwambia bado naitengeneza.

Ukimya wako nauhesabu kuwa jibu, ila sijui ni jibu la swali gani.

G.


Moonta
20 Oktoba 1978

Garth,

Pole kwa mtoto. Mwogeshe maji ya uvuguvugu yenye unga wa shayiri, na mkate kucha.

Niliandika barua nne nikazichoma zote. Hii sitaisoma tena, naitia kwenye bahasha ikiwa hivi hivi.

Ni la pili.

Clem, baba yako, alinilalamikia kwamba spidomita inasuasua. Ilikuwa Jumamosi. Nikaifungua kwenye meza ya jikoni, mama yetu akiwa kitandani chumba cha pili. Kamani ilikuwa imekatika. Niliagiza nyingine, ila ingechukua wiki kadhaa kufika, nami nilikuwa fundi mwenye kiburi. Nikachukua iliyokaribiana nayo kwenye droo ya duka nililofanyia kazi, bila kumwomba mwenye duka. Nilijua si saizi yake. Nilisema itasaidia kwa muda. Nikakwaruza jina langu, kama tulivyofundishwa, kwamba fundi asiyetia jina ni mwizi. Kisha nikamwambia Clem, "Itakuonyesha mwendo mkubwa kidogo, usiijali." Kidogo. Sikuipima. Ningeipima kwa dakika saba na nusu, ningejua.

Jumapili ile kanisa lilikuwa na mandari ufukweni. Wewe ulipanda lori pamoja nami na watoto wengine. Wao walitangulia, mama yako nyuma ya baba yako, na kikapu katikati. Vumbi lilikuwa zito, na kondoo walikuwa wamevunja ua. Mengine unayajua.

Waya ulipokatika, saa ya ndani ilisimama papo hapo na mshale ukabaki uliposimama. Askari akausoma. Hakuna aliyeniita kwenye uchunguzi, nami sikuinua mkono. Kama ningesema, mwenye duka angejua nimemwibia, ningefukuzwa, na mama alikuwa anakula kwa mshahara wangu. Pia nilidhani hakimu atasema ajali, basi, tutazika, tutalia. Sikujua kwamba kwa namba ile wazazi wa mama yako watakuchukua.

Nilimwambia Clem siku ile ile ya hukumu. Hakuniamini. Alisema, "Wewe ni dada yangu, lazima useme hivyo." Nilimwambia tena Krismasi. Nilimwambia kila mwaka. Nikamwomba afunge waya mpya, apande, apime mwenyewe. Aliinyoosha pikipiki ile, akaipaka rangi, ila hakuiwasha hata mara moja. Amekufa akiamini sabini na tano, kwa sababu ukweli ulitoka kwa mtu anayempenda.

Ndiyo maana sikukuambia wewe. Ningekuambia mwezi wa sita, ungesema shangazi anamtetea kaka yake marehemu. Nilitaka aione mtu asiyenipenda, kwa mkono wake, kuanzia gurudumuni. Sikufikiri kwamba hata hivyo utanishuku. Lakini una haki, mtu aliyenyamaza mara moja hawezi kudai aaminiwe anaposema.

Liko moja zaidi, nalo ndilo linaloniamsha. Nilimwonya Clem kwamba mshale utapanda. Nami sijui, na sitajua kamwe, kama pale kwenye vumbi hakuinamisha macho kuutazama, akishangaa unavyopanda, wakati kondoo anaingia barabarani.

Wiki mbili baada ya uchunguzi nilifunga safari moja ndefu kwa ajili yako. Huko sitaki kurudi hata kwa kalamu. Usiniulize.

Enid


Innisfail
3 Desemba 1978

Shangazi,

Shikamoo.

Leonie amepona, limebaki kovu moja puani. Kiwanda kimezima moto hadi Juni. Mvua imeanza na barabara ya kusini imekatika mara mbili, kwa hiyo sijui barua hii itakufikia lini.

Uliniambia nisikuulize. Sikukuuliza wewe. Nilimuuliza Babu.

Sikuwa na ushahidi. Nilikuwa na ile safari yako ndefu tu, na kikombe, namna alivyokiweka chini, na swali ambalo hakuuliza. Mtu anayesikia kwa mara ya kwanza kwamba hamsini ilisomwa sabini na tano huuliza, "Imekuwaje?" Yeye aliniambia niuze.

Nilimkuta barazani Jumamosi, siku yangu ya kumkata kucha za miguu, maana hawezi kuinama. Nilisubiri mpaka mguu wake uwe mapajani mwangu. Ni hila, nakiri, lakini nilitaka asiondoke. Nikamwambia, "Shangazi Enid alikuja hapa Aprili mwaka hamsini na sita."

Alitazama mvua. Kisha akasema, "Alikaa hapo hapo ulipokaa wewe. Alikuja kwa treni siku tano. Alileta kitu kimefungwa kwenye karatasi ya sigara, kidogo kama unywele, akasema hiki ndicho kinachopaswa kuwa ndani. Akanieleza kama anavyoeleza mwalimu. Alisema yuko tayari kwenda kwa hakimu, akipoteza kazi apoteze, mradi mimi nikubali kumrudisha mtoto."

Nikamuuliza alimjibu nini.

"Nilimwambia binti yangu ni maiti kwa hamsini kama kwa sabini na tano. Lakini nilimwamini, Garth. Usije ukadhani sikumwamini. Nilimwamini neno kwa neno. Ndiyo sababu nilimfukuza. Wewe ulikuwa unalala na bibi yako chumba kile, ulikuwa umeanza kucheka tena. Ukweli ungekurudisha kwa baba yako. Nikamwambia, kama unampenda huyu mtoto, mwache na babu anayeweza kumheshimu. Usimpe wawili wa kuwachukia, baba yake na mimi."

Nikamuuliza kama uliapa.

"Hakuapa. Alisema hatasema jambo litakalokufanya unikose na mimi. Akaomba akuone usingizini. Bibi yako akamfungulia mlango."

Shangazi, nilikushuku tangu Julai. Nilikushuku kwa sababu ulikuwa mbali, na kwa sababu ulijua kazi yako. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Aliyenifundisha namba ile, aliyeirudia kila nilipouliza habari za baba, alikuwa anajua tangu siku ya kwanza kwamba ni uongo.

Nilimaliza kumkata kucha. Sikujua la kufanya lingine. Ulikuwa umebaki mguu mmoja, na huwezi kumwacha mzee na mguu mmoja. Kisha nikaenda bandani na sikula nao kwa siku nne. Sijamsamehe. Lakini Jumamosi iliyofuata nilichukua tena mkasi, naye akanyoosha mguu bila kuuliza. Ndivyo tulivyo kwa sasa.

Kuhusu baba kuinamisha macho. Nimeendesha pikipiki ile maili mia mbili na zaidi. Kioo cha spidomita kimekaa mbele kabisa, mtu anauona mshale bila kuinamisha kichwa, kwa pembe ya jicho, kama unavyomwona mtu wa pembeni yako kanisani. Nilijaribu makusudi, mara nyingi. Barabara haipotei. Sikuambii haya kukufariji. Wewe unajua tofauti ya kufariji na kupima, nami nimepima.

Mnunuzi nimemwambia haiuzwi. Josie na Leonie na mimi tutakuja Moonta mwezi wa pili, maji yakipungua. Nitaitia kwenye treni pamoja nasi. Kamani ya kweli, kama bado unayo kwenye ile karatasi ya sigara, usiiweke wewe na mkono uliovimba. Nielekeze, nitaiweka mimi.

Nisamehe kwa yale niliyokuandikia Agosti.

Mwanao,
Garth


Moonta
2 Januari 1979

Mwanangu Garth,

Barua yako imechukua wiki nne, na nadhani ilifika siku iliyopaswa. Mwaka umeanza kwa joto la kupika yai juu ya bati. Shayiri imevunwa, imetoka nzuri, sasa wanakubali kusema. Mkono umepungua kuvimba. Vitanda viwili nimevitandika chumba cha mbele, na cha Leonie nimekiazima kwa jirani.

Babu yako usimlipize. Nilikuona usingizini usiku ule, ulikuwa umenenepa. Yeye ndiye aliyekunenepesha. Mpelekee salamu zangu, na umwambie zimetoka kwa Enid, asije akadhani umezitunga.

Kamani ninayo.

Umesema umepima, nami nimekuamini. Nililala usiku kucha, jambo ambalo kwa umri wangu ni habari ya kuandika.

Sasa nikuambie jambo ambalo sikukuandikia, kwa kuwa hukuwahi kuuliza baba yako amezikwa wapi. Mama yako yuko karibu na ukuta wa mashariki. Baba yako yuko upande mwingine kabisa, karibu na tangi la maji. Alichagua mwenyewe. Pale kwa mama yako pana nafasi iliyonunuliwa kwa ajili yake tangu walipooana, lakini alikataa. Alimwambia mchungaji kwamba dereva mbaya hana ruhusa ya kukaa karibu na abiria wake.

Nimekwenda kuuliza. Inawezekana kumhamisha. Mimi dada haitoshi, wanataka sahihi ya mtoto.

Njooni. Fomu iko mezani.

Shangazi yako,
Enid